ELM327 na gia boksi inayoshtua: kifaa cha bei ndogo kinaona nini, na nini hakioni

Gari otomatiki likianza kushtuka unapoweka D, au gia ikagonga kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hukumu ya mtaani huja upesi: gia boksi imekwisha, katafute nyingine. Inanunuliwa ya mtumba, inafungwa, gari linarudi barabarani, na baada ya muda mfupi linashtuka vilevile kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mafuta, throto (mlango wa hewa ya injini) chafu, waya au kontroboksi, yaani kompyuta ya gari. ELM327, kifaa kidogo kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu, inauzwa kwa makumi machache ya maelfu ya shilingi, inaingia mfukoni, na ikitumiwa vizuri inaweza kukuepusha na hasara hiyo. Ikitumiwa vibaya inaiharakisha. Kwa hiyo tathmini hii haiishii kwenye swali la kama kinawaka na kuungana na simu. Tunakipima kwa kazi moja tu: kumsaidia mwenye gari au fundi kujua gia inashtua kwa nini, kabla mtu hajalala chini ya gari.

Kifaa chenyewe

ELM327 ni jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Vingi vilivyoko madukani ni nakala za China zinazojibu maagizo yaleyale, nyingine vizuri, nyingine kwa kubahatisha. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva, unawasha swichi, unaunganisha simu kwa Bluetooth kwa namba ya siri 1234 au 0000, kisha unafungua programu. Torque ni ya Android pekee. Car Scanner ipo kwa Android na iPhone, na kwa kazi ya gia boksi ndiyo tunayoipendelea, kwa sababu ina mipangilio ya kila kampuni ya magari, na kwa magari mengi ya Toyota huweza kusoma joto la mafuta ya gia boksi. Wenye iPhone waangalie kabla ya kulipa: ile ya Bluetooth ya zamani haiungani na simu yao. Wanahitaji ya WiFi au ya Bluetooth 4.0.

Kikwazo cha kwanza kinatuhusu sana sisi tunaoendesha magari ya mtumba kutoka Japani. Magari mengi ya soko la ndani la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi hiyohiyo ya pini 16, lakini hayazungumzi lugha ya kawaida ya OBD2, mfumo wa pamoja wa kusoma kompyuta za magari. Ukichomeka unapata volti za betri na ujumbe kwamba kompyuta haijibu. Kabla ya kukilaumu kifaa, ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta chaguo la Toyota au Nissan la soko la Japani, kisha jaribu tena. Nakala nzuri itaungana na magari mengi ya aina hiyo. Nakala dhaifu haielewi maagizo ya ziada na itakwama hapo hapo hata ujaribu mara ngapi.

Namba za hitilafu: mwanzo wa kazi

Hapa ndipo watumiaji wengi wanapopotea. Wanachomeka, wanaona namba, wanaigugo, wanafuta, wanachomoa. Ziandike kwanza zote, pamoja na taarifa iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea: RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), kasi, joto la injini. Namba iliyofutwa bila kuandikwa ni ushahidi uliotupwa.

P0700 peke yake haisemi gia boksi ina tatizo gani. Inasema tu kwamba kompyuta ya gia boksi ina ujumbe wake, nenda ukausome. Kwenye magari yenye kompyuta mbili tofauti, na Nissan nyingi ziko hivyo, programu ya bure inaweza kuishia hapo. Kwenye Toyota nyingi kompyuta ya injini na ya gia boksi ziko ndani ya kontroboksi moja, hivyo namba zinakuja moja kwa moja. P0750 na P0755 zinahusu solenoidi za kubadili gia, yaani vali ndogo za umeme zinazoongoza mafuta ndani ya gia boksi. P0741 inahusu kufunga kwa konvata, kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi. P2716, kwenye Toyota, inahusu solenoidi ya shinikizo la mafuta.

Hii ya mwisho inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu bure. Solenoidi ya shinikizo, ambayo Toyota huiita SLT, hupunguza shinikizo la mafuta ili klachi zishike kwa ulaini. Umeme wake ukikatika, kompyuta inaacha kuiongoza na shinikizo linapanda hadi mwisho. Ni ulinzi: bora gia igonge kuliko klachi ziteleze na kuungua. Matokeo yake kila gia inagonga kwa nguvu, dereva anaamini gia boksi inavunjika, na kumbe kilichokatika ni waya mmoja au plagi iliyolowa mafuta.

Ukipata namba ya solenoidi, ELM327 imeshamaliza kazi yake na sasa inaingia mita ya umeme. Zima gari, chomoa plagi ya gia boksi, pima ukinzani. Kwenye Toyota nyingi solenoidi za kubadili gia zinasoma omu 11 hadi 15 zikiwa na joto la kawaida la nyuzi 20, na SLT omu 5.0 hadi 5.6. Ikisoma wazi kabisa, koili au waya wa ndani umekatika. Ikisoma vizuri na namba inarudi kila ukifuta, fuata waya hadi kwenye kontroboksi, kisha ishuku kontroboksi yenyewe. RAV4 za 2001 hadi 2003 ni mfano maarufu: nyingi zilikuwa zikigonga gia kwa sababu ya hitilafu ndani ya kompyuta, na Toyota huko Marekani ilirefusha dhamana ya kompyuta hiyo. Ukiachwa uendelee, ugongaji huo huja kuharibu gia boksi nzima. Na ukifunga gia boksi nyingine ukaacha kompyuta ileile, umenunua mgonjwa wa pili.

Namba zinazotembea ndizo zenye thamani

Gia boksi nyingi zinazoshtua hazina namba ya hitilafu hata moja. Hapo ndipo kifaa hiki kinapojipatia heshima, kama utaacha ukurasa wa hitilafu na kwenda kwenye usomaji wa moja kwa moja.

Anza gari likiwa limesimama. Joto la maji ya injini lifike nyuzi 80 na kuendelea. Likibaki 60 na kitu hata baada ya mwendo mrefu, huenda kuna fundi aliyetoa thermostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini), tabia iliyoenea sana kwetu kwa hofu ya injini kuchemka. Kompyuta ya Toyota hukataa kuweka gia ya nne na kufunga konvata mpaka maji yafike takriban nyuzi 60, na injini baridi huzunguka kwa kasi zaidi ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Dereva analalamika kwamba gia ya mwisho haiingii na gari linashtuka likiwekwa D, na jibu ni kurudisha thermostati. Nimeipa nafasi hii makusudi. Ni kosa la bei ndogo linalouza gia boksi nyingi.

Kisha soma RPM injini ikiwa na moto, AC imezimwa, gia ikiwa N. Injini nyingi ndogo za Toyota hukaa karibu 700. Ikiwa inasoma 1,000 au zaidi, kila ukiweka D gari litashtuka hata gia boksi ikiwa mpya. Safisha throto, kagua paipu za hewa zilizopasuka, pima tena. Baada ya hapo tazama kipimo cha hewa na marekebisho ya muda mrefu ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Marekebisho yakipita asilimia 10 kwenda juu au chini, injini inapata hesabu ya uongo, na gia boksi inatumia hesabu hiyohiyo kuchagua shinikizo. Sensa ya hewa iliyojaa vumbi huifanya kompyuta iamini injini inavuta kidogo kuliko ilivyo kweli.

Sasa ingia barabarani, na mtu mwingine ashike simu, au iache irekodi uangalie baadaye. Chagua vitu viwili tu: RPM na kasi. Ukijaza skrini mita kumi, kila moja inasomwa kwa zamu, na gia inabadilika ndani ya sekunde moja au pungufu. Utakosa kile ulichokitafuta. Kwenye magari ya zamani yanayotumia waya mmoja wa mawasiliano usomaji ni wa polepole zaidi, na RPM pekee inatosha.

Chukua gia boksi ya Toyota ya gia nne, familia ya U341E, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi. Uwiano wake ni 2.847, 1.552, 1.000 na 0.700. Gia ikitoka ya pili kwenda ya tatu, RPM inapaswa kushuka hadi asilimia 64 hivi ya ilivyokuwa. Ukibadilisha ukiwa 3,000, tarajia kutua karibu na 1,930. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, 3,000 inatua karibu na 1,640. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, 2,100. Konvata ambayo haijafunga huongeza kidogo juu ya hesabu hiyo, kwa hiyo usidai namba ikae palepale. Kinachotafutwa ni umbo la mstari kwenye grafu. Mstari ukipanda kwanza, tuseme kutoka 3,000 hadi 3,500, ndipo ushuke na kufuatiwa na mshtuko, klachi inateleza kisha inashika ghafla: mafuta yamepungua, shinikizo ni dogo, au klachi imelika. Ukidondoka wima, mara moja, na gari likaruka, shinikizo limezidi. Na mstari ukishuka vizuri huku dereva bado anasikia kishindo, acha gia boksi, nenda kaangalie mauntingi (vishikizo) za injini na jointi za ekseli.

Kuna mtetemo mwingine unaochanganywa na gia: gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 linatetemeka kama linapita kwenye rasta, kisha linaacha. Shikilia mwendo huo kwenye barabara tambarare, bila kuachia mafuta, na gusa breki kidogo kiasi cha kuwasha taa zake tu. Konvata ikiwa imefunga, RPM itapanda kidogo kwa sababu imeachia. Mtetemo ukikatika palepale, chanzo kiko kwenye kufunga kwa konvata, na mafuta ya gia yaliyochoka ndiyo mshukiwa wa kwanza. Usipokatika, tafuta injini inayomisi. Koili au plagi mbovu hutoa mtetemo unaofanana sana, hasa kwenye kilima, na namba za P0301 hadi P0304 zitakuambia ni silinda ipi.

Joto la mafuta, hapa kifaa kinalipa gharama yake

Kiwango cha mafuta ya gia boksi hakina maana bila joto lake. Kwenye Toyota yenye kijiti cha kupimia mafuta, kipimo cha alama ya HOT kinachukuliwa mafuta yakiwa nyuzi 70 hadi 80, gari likiwa tambarare, injini inawaka, baada ya kupitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L na kuurudisha P. Anayepima injini imezimwa anaona mafuta mengi kuliko yaliyopo gia ikifanya kazi, anaridhika, na gia boksi inaendelea kunyonya hewa. Honda ni kinyume: unazima injini, kisha unapima ndani ya dakika moja na nusu hivi. Kujaza kupita kiasi nako kunaleta povu, na povu halisukumi klachi.

Gia boksi za Toyota za miaka ya karibuni zinazotumia mafuta ya aina ya WS mara nyingi hazina kijiti. Zina nati ya kufurikia chini, na unaifungua mafuta yakiwa karibu na nyuzi 40. Kiwango kamili kinatofautiana kwa kila gia boksi, na kwenye kadhaa za Toyota ni 36 hadi 46. Mafuta yakitiririka, unasubiri yawe uzi mwembamba, unafunga. Ukiifungua yakiwa nyuzi 70, yamevimba, yatamwagika yanayohitajika na gari litaondoka na upungufu. Fundi asiye na kipimo anagusa sampo (trei ya mafuta chini ya gia boksi) kwa mkono na kukisia. Mwenye ELM327 na programu inayoonyesha joto la mafuta anasubiri namba. Kwa kazi hii moja kifaa kinarudisha fedha yake, na ndiyo sababu kubwa ya sisi kukipendekeza.

Joto hilohilo litazame kwenye foleni. Nyuzi 70 hadi 90 hazina neno. Likipita 110, kagua rejeta na paipu za kupoza mafuta ya gia. Na mafuta yakitoka na rangi ya maziwa ya waridi, maji ya rejeta yameingia ndani. Hapo hakuna cha kupima tena. Gari lisiendeshwe.

Kuhusu aina ya mafuta, kifaa hakiwezi kukusaidia, na hapa ndipo makosa ya ghali hutokea. T-IV na WS, aina mbili za mafuta ya gia za Toyota, hazichanganywi wala hazibadilishani: WS ni nyepesi zaidi. Soma maandishi kwenye kijiti au kwenye mwongozo wa gari, usiamini neno "haidroliki" la dukani. Nissan za CVT (gia boksi inayotumia mkanda) zinataka mafuta ya NS-2 au NS-3 kulingana na gia boksi, na CVT ikiwekewa mafuta ya otomatiki ya kawaida mkanda wake unaharibika. CVT pia haina ngazi za gia, kwa hiyo hesabu ya RPM iliyoelezwa juu haiihusu. Ukimwaga kwa nati ya sampo kwenye Corolla ya gia nne zinatoka takriban lita 3, chini ya nusu ya mafuta yote, kwa sababu yaliyobaki yako ndani ya konvata. Pima ulichomwaga, rudisha kiasi kilekile, endesha siku kadhaa, rudia. Mara mbili au tatu zinatosha kusafisha sehemu kubwa. Sampo ikishushwa, angalia sumaku zake: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine.

Kisichoonekana kwenye simu

Mauntingi iliyokatika haina sensa. Fungua boneti, mtu akanyage breki kwa nguvu na kuhamisha D kwenda R, R kwenda D, bila kukanyaga mafuta. Asimame mtu pembeni, asikae mbele ya gari. Injini ikiinuka na kugonga, umepata mshtuko wako.

Muda wa gia kushika nao unapimwa kwa saa ya simu. Mafuta yakiwa na moto, handbreki imevutwa, hamisha N kwenda D na hesabu hadi usikie imeshika. Vitabu vya Toyota vinataka chini ya sekunde 1.2, na N kwenda R chini ya sekunde 1.5. Pima mara tatu, ukiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo, kisha chukua wastani. D ikichelewa peke yake, klachi ya kwenda mbele ina shida. R peke yake, klachi au breki ya rivasi. Zikichelewa zote mbili, rudi kwenye kiwango cha mafuta, chujio na shinikizo. Shinikizo lenyewe linahitaji geji ya kufunga kwenye gia boksi, na kwa hilo lipa fundi aliye nayo.

Kifaa cha bei hii pia kwa kawaida hakiwezi kuamuru solenoidi ifunguke na kufunga ili uisikie, wala kufuta kumbukumbu ya kujifunza ya gia boksi za Toyota za gia sita baada ya kubadili vali bodi (sehemu inayogawa mafuta kwa klachi) au kontroboksi. Kufuta namba za hitilafu hakufanyi kazi hiyo. Inahitajika Techstream, programu ya Toyota yenyewe, kwenye kompyuta, au mashine kubwa ya Launch au Autel. Gereji inayoishi kwa gia boksi haina sababu ya kuhangaika na ELM327. Mwenye gari moja, au fundi wa kawaida anayetaka kujua ampeleke mteja wapi, anayo sababu.

Ununue upi

Nakala za bei ya chini kabisa zilizoandikwa v2.1 ndizo zenye malalamiko mengi: zinakata mawasiliano, na zinakataa magari ya soko la Japani. Zilizoandikwa v1.5 mara nyingi hufanya vizuri zaidi, ingawa Elm Electronics haikuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo, kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi yasikuhakikishie kitu. Ukiongeza fedha, Vgate iCar Pro inaungana kwa uthabiti zaidi na hujilaza gari likizimwa. OBDLink ni ya daraja lingine kwa kasi ya kusoma, na kwa bei pia.

Dukani usikubali kujaribishiwa kwenye gari la muuzaji. Chomeka kwenye lako, unganisha programu, na hakikisha unaona RPM na joto la maji vikibadilika. Weka pia programu ya bure ya ELM327 Identifier kwenye simu ya Android: inaorodhesha maagizo ambayo kifaa kinayaelewa na yale kinayoyakataa, kwa dakika chache. Kikikosa mengi, kirudishe kaunta. Na ukikitumia, kichomoe ukimaliza. Pini ya 16 ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na gari likiegeshwa siku kadhaa na nakala isiyojilaza ikiwa imechomekwa, betri iliyochoka haitawasha. Betri dhaifu nayo huleta namba za uongo za solenoidi, kwa hiyo kabla ya kuamini namba yoyote ya gia boksi soma volti: karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa, na takriban 13.5 hadi 14.5 ikiwa inawaka.